Maji Kutoka Chini

Nyumba ya kwanza niliyoiwekea bima ilikuwa ya yaya yangu, dada yangu mkubwa, kule Naviundu. Nilikuwa sijamaliza hata miezi mitatu katika kazi ile. Kabla yake nilifundisha shule ya msingi, na nilipoacha chaki nikachukuliwa na wakala wa bima aliyekuwa na vyumba viwili katikati ya mji, juu ya duka la vitambaa. Bima ya gari watu wetu waliijua, kwa sababu polisi barabarani huiulizia. Bima ya nyumba ilikuwa kichekesho. Mama mmoja sokoni aliniambia bila kuficha kwamba kuandikisha nyumba yako kwa ajili ya moto ni kuuita moto uje.

Shefu wetu, mkuu wa ofisi, mtu mpole aliyevaa tai hata siku za joto kali, alitupa wiki mbili za kuleta wateja wa nyumba. Sikuwa na mtu wa kumwendea. Nikapanda pikipiki, nikaenda kwa yaya.

Yaya alinizidi miaka tisa. Baba yetu alikuwa fundi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana, na alipofariki mzigo wa nyumba ulimwangukia yaya. Aliolewa na mwanaume wa hapa hapa, wa familia zilizolima upande wa juu wa mto kabla mji haujafika. Shemeji alichoma makala, makaa ya kupikia, porini, yaya akayauza sokoni. Nyumba yao, masomo yangu, dawa za mama, vyote vilitoka kwenye yale makala. Mama alikuwa akiishi kwao. Miguu yake ilikuwa imeacha kumbeba, na walimpa chumba cha upande wa mto kwa sababu kilipata hewa.

Tuliijaza fomu mezani, na mama akitusikiliza kutoka kitandani kwake. Lilikuwapo swali moja kuhusu umbali wa nyumba na maji. Nikatoka nje, nikapima kwa hatua kutoka mlangoni hadi ukingoni. Wakati ule mto ungeuvuka kwa kukanyaga mawe matatu, na viatu visilowe.

"Andika mbali kidogo," yaya akaniambia.

"Nitaandika ile niliona, yaya."

Nikaandika ukweli, na kampuni ikaikubali fomu bila neno. Kuhusu upande wa juu wa mto, fomu haikuuliza kitu.

Kabla ya kutia sahihi yaya alishika kalamu akanitazama. "Na mvula ikiangusha nyumba, banajenga ingine?"

"Banalipa, yaya. Moto, mupepo, mvula. Banalipa."

Nakumbuka vizuri kwamba nilisema mvua. Kurasa za nyuma za mkataba zilikuwa za Kifaransa cha herufi ndogo sana, nami sikuwa nimezisoma. Nilikuwa nimejifunza zile za mbele, ambazo shefu alitufundisha kuzisema kwa tabasamu.

Miaka miwili ilipita bila jambo. Yaya aliutia mkataba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake, ambao walikuwa wakubwa na kila mmoja ameshaenda kwake.

Katika miaka ile ndipo shemeji alianza habari ya msitu wake. Nilipokuwa mdogo, pori lilianza mara tu ukipita Luano. Tulikuwa tukienda na mama kuokota uyoga na kurudi kabla ya kupika bukari, ugali wetu, ya mchana. Sasa shemeji alilazimika kudandia kamyo, lori la mizigo, alfajiri, na jua lilikuwa juu alipofika kwenye mti wa kwanza unaofaa. Siku moja aliniomba nifuatane naye. Alitaka mtu wa ofisi akaone.

Njiani sikuona pori. Niliona visiki, nyasi ndefu, na udongo mwekundu uliochimbika mifereji. Wanaume walitupita wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makala yaliyowazidi urefu. Tulipofika, shemeji alinipeleka kwa miguu hadi mahali ambapo miti ilianza tena. Akasimama mbele ya kisiki cha muputu. Pembeni mwa kisiki yalikuwa yameota mashina manne mapya, membamba na yaliyonyooka, marefu kuliko mimi.

"Angalia, shemeji," akasema. "Bantu banafikiri muti ukiukata njo umekufa. Haikufe. Inaota tena yenyewe, kama unaiacha, na kama moto ya mwezi wa kumi haiifikie."

Yeye na wenzake wachache walikuwa wamekwenda kwa chifu wa kijiji wakaomba sehemu ya msitu. Waliigawa vipande. Kila mwaka walikata kipande kimoja tu, kisha wakakiacha na kuhamia kingine, wakitumaini kwamba watakapomaliza vyote, kile cha kwanza kitakuwa kimekua. Na kila mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi, walizichoma wenyewe polepole, ili moto mkali wa kiangazi ukija usikute cha kula. Hakuna aliyewafundisha. Baba yake shemeji alikuwa akifanya hivyo kuzunguka shamba lake.

Alikuwa na furaha siku ile ambayo sijaiona tena kwake. Alinionyesha majani yaliyoliwa na binkubala, wale viwavi tunaowapenda na mboga, akasema walikuwa wamepotea na sasa wamerudi. Alinikusanyia bakuli zima nimpelekee mama. Aliniambia pia kwamba ule msitu ndio kichwa cha kijito kinachoshuka hadi kwao Naviundu. Pakiwa na miti, maji huingia ardhini na kushuka taratibu. Pasipo na miti, hushuka yote mara moja.

Kesho yake nilimweleza shefu. Nilifikiri nimepata kitu. Nikamwambia kwamba kuna watu wanautunza msitu juu ya mto, na kwamba nyumba zilizo chini zitakuwa salama zaidi, kwa hiyo kampuni ingeweza kuwapunguzia wale watu wa chini, au hata kuwasaidia wale wa juu kidogo ili waendelee. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Mama, hiyo ni wazo muzuri," akaniambia, kama alivyozoea kutuita sisi wanawake wa ofisi. "Lakini sisi tunahesabia nyumba. Hatuhesabie miti."

"Na nyumba ikianguka juu ya miti kukosekana?"

"Basi tutaangalia mukataba inasema nini."

Akarudi kwenye karatasi zake, nami nikarudi kwenye meza yangu.

Mwaka uliofuata kiangazi hakikuisha. Mwezi wa kumi uliingia na joto ambalo wazee wa jumuiya yetu walisema hawajawahi kulikuta. Mbingu zilikuwa nyeupe kwa moshi, na asubuhi tulifagia majivu uani, majivu ya nyasi zilizoungua mahali tusipopajua. Mvua ilichelewa, tukaiombea misa. Mtu fulani porini aliwasha moto kufukuza panya wa kula, upepo ukauchukua. Shemeji na wenzake walikuwa wamechoma nyasi zao mwezi wa sita kama kawaida, lakini kiangazi kilikuwa kirefu kiasi kwamba nyasi nyingine zilikuwa zimeota na kukauka tena. Moto ulivipita vile vipande vyote katika mchana mmoja. Walikwenda na matawi mabichi kuupiga, wakarudi na nyusi zilizoungua.

Shemeji alikuja kwangu Ruashi baada ya siku mbili. Alikaa kwenye kiti cha uani, akashika kikombe cha maji bila kunywa.

"Visiki vitaota tena," nikamwambia. "Ulinionyesha mwenyewe."

"Ile mikubwa itaota. Ile mitoto imekufa." Akakizungusha kikombe mkononi. "Na benzangu banasema, kama ni kwa kuunguzwa bure, afazali tukate."

Mvua ilifika wiki ile ile, saa tisa za mchana. Nilikuwa ofisini. Kwanza ulikuja upepo uliozungusha vumbi na mifuko ya plastiki hadi usawa wa dirisha letu, kisha giza, kisha mvua ya mawe iliyogonga mabati ya mji mzima kwa kishindo hata hatukuweza kusikilizana. Barabara chini yetu iligeuka mto mwekundu. Simu yangu ililia. Ilikuwa yaya, na sauti yake haikuwa na kelele wala haraka.

"Mudogo, mayi iko mu nyumba."

Nikasema, "Mutoe mama," na simu ikakatika.

Nilipata pikipiki hadi nusu ya njia. Nusu nyingine nilitembea, viatu mkononi. Nilipofika, mvua ilikuwa imeacha na jua lilikuwa limetoka, jua safi kabisa, kama hakuna kilichotokea. Mto ulikuwa umeujaza uwanja wote, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yalielea matawi meusi yaliyoungua. Ukuta wa chumba cha mama haukuwapo. Ulikuwa wa matofali mabichi, yale ya udongo wa kichuguu yanayokaushwa kwa jua tu, na maji yalikuwa yameyarudisha kuwa udongo. Nusu ya mabati ilikuwa imepeperuka na kutua kiwanjani kwa jirani, katika parseli yake.

Shemeji alikuwa ameng'oa mlango wa mbele, akamlaza mama juu yake, na yeye na jirani wakambeba wakiwa wamezama hadi kiunoni. Nilimkuta mama kwa yule jirani, jikoni, amefungwa vitenge vitatu, midomo yake imekuwa ya kijivu. Yaya alisimama uani katika maji, amekumbatia sufuria. Nilimwuliza kwa nini ameshika sufuria. Akaitazama, akasema hajui.

Nilitaka kumchukua mama kwangu siku ile ile, lakini barabara ya Ruashi ilikuwa imekatika. Kwa hiyo alilala kwa jirani, na kesho yake akarudishwa katika chumba kimoja kilichobaki na paa, sakafu yake ikiwa bado na tope. Alikuwa ameshaanza kukohoa.

Kampuni ilimtuma mkaguzi siku ya tatu. Nilijua atakuja, na asubuhi yake nilifika mapema. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Niliusoma mkataba wote, kurasa za nyuma na kamusi mkononi. Nilikuta kwamba kampuni hulipa maji yanayoingia kutoka juu, kwa paa lililovunjwa na upepo. Maji yanayoingia kutoka chini, ya mto au ya barabara, hailipi.

Nikamwita yaya pembeni. "Akiuliza nini ilianza, useme ni mupepo. Mupepo ilibeba mabati, mvula ikaingia kwa juu, ukuta ukaloa, ukaanguka. Mto ilikuya nyuma."

"Haiko vile ilikuwa."

"Najua, yaya."

Yaya ni mtu wa misa ya kila Jumapili, mtu ambaye akirudishiwa chenji zaidi sokoni hurudi nayo. Aliitazama ile nafasi palipokuwa na ukuta. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee anayekaribia kustaafu, mwenye buti za mpira alizozibeba kwenye mfuko, na alimsalimia kila mtu kabla ya kutoa karatasi. Alizunguka nyumba polepole. Aligusa ukuta uliobaki, akachutama, akapima kitu kwa kiganja. Kisha akaingia kwenye chumba tulichokuwamo, mama akiwa kwenye mkeka, yaya na shemeji wamesimama, nami karibu na mlango nikijifanya nimekuja kama mfanyakazi mwenzake tu.

"Poleni sana," akasema. "Mama, unielezee. Ukuta ilianguka mbele ya mabati kwenda, ao nyuma?"

Yaya alitazama chini. "Mupepo njo ilianza. Ilibeba mabati. Halafu mvula ikaingia."

Mkaguzi akaanza kuandika.

"Hapana," mama akasema kutoka mkekani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini wote tuliisikia. "Mayi njo iliingia ya kwanza. Mi nilikuwa nalala, nikasikia mukono yangu iko mu mayi. Nikaita. Ukuta ukaanguka. Mupepo ilibeba mabati wakati balikuwa bananitosha inje."

Mama alitutazama mmoja mmoja. Alifikiri tumesahau, na kwamba anatusaidia kukumbuka.

Mkaguzi aliweka kalamu mfukoni. Akamshukuru mama kwa heshima, akatoka, nami nikamfuata. Tulipofika barabarani alisimama akanionyesha kwa kidole mstari wa tope kwenye ukuta uliobaki, mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, juu kidogo ya kiuno changu.

"Usimukasirikie mama yako," akasema. "Niliona ule mustari mbele hata ya kuingia. Ukuta ilishasema."

"Kwa hiyo?"

"Mayi ya juu, tunalipa. Mayi ya chini, hapana. Unajua vile."

Sasa nilijua.

Niliporudi ndani, yaya alikuwa akimnywesha mama chai. Nilingoja aniangalie kwa hasira, au amwangalie mama. Hakufanya hivyo. "Alisema kweli," aliniambia tu, na nikaona kwamba alikuwa amepumzika, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Barua ilitoka baada ya majuma mawili, na shefu akaniomba niipeleke mimi, kwa sababu ni familia yangu. Ilikuwa ya Kifaransa. Nilimsomea yaya kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, tukiwa tumekaa kwenye matofali uani. Ilisema kampuni italipa mabati yaliyobebwa na upepo. Nyumba yenyewe haimo.

Yaya alisikiliza hadi mwisho. "Sasa ile mvula ya juu na ile mayi ya chini," akauliza, "haikuwe mvula moja?"

Nikakunja barua nikampa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, ambamo mkataba ulikuwa umelowa na kukauka ukawa kama kipande cha ubao.

Mabati yalilipwa kweli. Fundi aliyaleta kwa mkokoteni, yakaegemezwa kwenye mti wa mpapai. Hatukuwa na ukuta wa kuyabeba.

Wakati huo mama alikuwa amehamia kwangu. Kikohozi hakikumwacha. Kituo cha afya walisema ni mapafu, wakampa sindano, akapata nafuu ya siku chache, kisha akarudi nyuma. Alikuwa akiniuliza kila jioni kama ukuta umejengwa, nami nilimwambia wanaanza wiki ijayo. Siku moja aliniuliza kitu kingine.

"Yule muzee wa buti alilipa?"

"Alilipa mabati, mama."

"Ni muntu muzuri," akasema. "Alikuwa anasikiliza."

Hakujua hata mwisho alichokuwa amekisema siku ile, na hakuna kati yetu aliyemwambia. Alifariki asubuhi ya Jumanne, mvua ikinyesha, mvua ya kawaida, ndogo. Kilio tulikifanya kwangu Ruashi, chini ya turubai, kwa sababu Naviundu hapakuwa na nyumba ya kupokelea watu. Wanawake wa jumuiya walikuja na makala yao wenyewe ya kupikia, kila mmoja na mfuko wake, wakijua nyumba ya yaya haina tena.

Baada ya kilio, shemeji na yaya walikuwa na jambo moja la kuamua. Kujenga tena kwa matofali mabichi ilikuwa kungoja mvua nyingine iyabomoe. Matofali yaliyochomwa huvumilia maji. Udongo walikuwa nao, vichuguu havikosekani. Kilichohitajika ni kuni za kuchomea tanuru, na si kuni chache. Tanuru la matofali ya nyumba nzima linameza miti kwa siku na usiku, na miti mizito, si vijiti.

Nilikuwapo walipozungumza. Yaya alisema tungenunua kuni. Shemeji alimwuliza angenunua kwa nani, na yule angezitoa wapi.

"Kuko kipande kimoja moto haikumaliza," akasema. "Kile cha miti ya mutondo, karibu na kijito. Tulikiweka kwa mwisho."

"Na benzako?" nikauliza.

"Benzangu beko banakata tangu mwezi uliopita. Kila muntu na upande wake. Chifu naye alichoka, anaachia yeyote mwenye kumuletea kitu."

"Lakini shemeji, ni wewe uliniambia ile miti njo inashika mayi ya kwenu."

Alinitazama bila kukasirika. "Niko najua ile nilikuambia. Unataka tulale wapi?"

Nyumba yangu ni ya vyumba viwili, na yaya alikataa kukaa kwa mdogo wake kama mgeni. Kupanga mahali pengine walijaribu, kila mwenye nyumba akataka malipo ya miezi mingi ya mbele. Na ile parseli ya Naviundu, hata mtu wa kuinunua hakupatikana. Watu walikuja, wakaona mstari wa tope ukutani, wakaaga.

Akaenda na shoka. Aliniambia baadaye kwamba aliikata mwenyewe yote, hakutaka kumpa mtu mwingine ile kazi. Kamyo ilileta magogo mara tatu. Tanuru lilijengwa uani, likapakwa udongo, likawaka siku nne, na Naviundu nzima ikanukia mutondo, harufu tamu kidogo ambayo ilinikumbusha jikoni kwa mama, hadi nikaondoka mapema siku hizo. Matofali yalitoka mekundu, magumu, yanayolia ukiyagonga. Fundi aliyasifu. Shemeji alisimama mbali na mikono nyuma.

Mwaka ule ule kampuni ilituletea ramani. Makao makuu yalikuwa yameichora kwa kompyuta, na sehemu zake zilipakwa rangi. Kandokando ya mto Naviundu palikuwa pekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Shefu alituambia, bila tabasamu safari hii, kwamba nyumba zote zilizo ndani ya nyekundu hazitaendelea na bima mkataba ukiisha, na kwamba kila wakala atapeleka barua kwa wateja wake mwenyewe. Fomu mpya zilikuwa na maswali mengi, hata la miti lilikuwamo. Lakini hapakuwa na mtu wa kumpa zile fomu, kwa kuwa walio ndani ya nyekundu hawakupokelewa tena. Walioweza kulijibu vizuri lile swali hawakuwa na haja ya bima.

Nilizipeleka barua. Kwa miaka ile michache nilikuwa nimewaandikisha watu wengi kuzunguka nyumba ya yaya, wakiwemo wale waliocheka mwanzoni. Baada ya ile mvua walikuja wenyewe, wakitaka mkataba unaotaja maji ya chini, nikawaambia upo njiani, kwa sababu shefu aliniambia hivyo. Sasa nilibisha hodi mlango kwa mlango. Mjane mmoja, muuza samaki wa kukaushwa, alinipa kiti na maji ya kunywa, akanisikiliza, kisha akaniuliza amefanya kosa gani. Nikamwambia hakuna kosa. Akauliza, basi kwa nini wanamwacha. Nikamwambia ni kwa sababu maji yatarudi.

"Ile miye niko najua," akasema. "Njo maana nililipa."

Mwaka huu ramani imebadilishwa tena, na nyekundu imepanda hadi mitaa ya Ruashi, na mtaa wangu umo. Mabonde madogo ambayo hayakuwa na mto yanapitisha maji sasa kila mvua kubwa. Barua ya nyumba yangu niliichapa mwenyewe, nikampelekea shefu aitie sahihi pamoja na nyingine. Alisoma jina, akanitazama, akatia sahihi. Nimebaki na bima za magari. Ndizo zinazoniweka mjini.

Nyumba ya yaya imesimama. Mvua ya msimu uliopita iliujaza uwanja na kuingia ndani hadi magotini, na ukuta haukuanguka. Vilivyokuwa ndani ndivyo vilivyooza, godoro, unga, nguo za misa. Yaya ameweka kitanda juu ya tabaka nne za matofali yaliyobaki, na nguo anazitundika karibu na dari. Mto hauvukiki tena kwa mawe. Umekula ukingo, na zile hatua nilizozipima siku ya fomu zimepungua, ingawa sikutaka kuzihesabu upya.

Shemeji bado anachoma makala. Anaenda mbali sana siku hizi, wiki mbili, wakati mwingine tatu, upande ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufahamu, kwa machifu asiowajua. Umeme unakatika, watu wanapika, na magunia yanaisha sokoni kabla ya saa nne. Jumapili iliyopita nilimkuta nyumbani, amekonda, akinoa shoka. Nikamwuliza kama hajawahi kurudi kwenye kile kipande cha mutondo kuona kama visiki vimechipua.

"Nilipita mara moja," akasema. "Kuko shamba ya mahindi."

Yaya alitoa chakula, tukala. Mbingu upande wa Luano zilikuwa zimeanza kufunga mawingu, nami nilitaka kupata pikipiki kabla barabara haijajaa maji. Yaya alinisindikiza hadi kwenye kona, akanishika mkono, akaniambia nimpigie nikifika. Kisha akarudi haraka kupandisha unga juu ya kitanda.